Nakshi Juu ya Ufa: Kuhusu Ufundi, Urembo na Wajibu wa Mhakiki

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili neno nakshi limetumiwa kwa ukarimu mkubwa na kwa uangalifu mdogo. Mshairi husemwa kuwa ameinakshi lugha. Mtunzi wa riwaya husifiwa kwa jinsi alivyoyapamba masimulizi yake. Nao wanafunzi wetu, wanapotakiwa kueleza mchango wa sitiari katika utungo fulani, hujibu kwamba imetumiwa "kuipamba kazi". Ni nadra sisi walimu kuwauliza: je, kazi hiyo ilikuwa uchi kabla ya sitiari kufika? Makala hii inanuia kulichunguza suala la kimaadili lililojificha nyuma ya matumizi hayo, nalo ni hili: kitu kilichoundwa na binadamu huwa kizuri kwa ajili ya kazi iliyomo ndani yake, au kwa ajili ya kile kilichoongezwa juu yake? Na pale mambo hayo mawili yanapogombana, mhakiki anawajibika kwa nani?

Lazima nikiri mapema kwamba kilichonisukuma kuliwaza jambo hili si kitabu bali bunduki ambayo sijapata kuiona. Nyakoe, sokoni kwetu, kwenye barabara itokayo mjini Kisii kuelekea Oyugis na Kisumu, palikuwa na mzee mmoja ambaye sisi vijana tulimwita Omogaka tu, kwa heshima ya umri wake. Katika miaka ya 1950 alikuwa mtumishi nyumbani kwa mlowezi mmoja upande wa Sotik, na mojawapo ya kazi zake ilikuwa kusafisha bunduki. Zilikuwa mbili, zote za marisau, zote za mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu. Ya kwanza ilikuwa imechorwa kote kwenye chuma chake: kwale wakiruka, mbwa akinusa, majani yaliyojiviringa hadi karibu na kifyatuo. Ya pili haikuwa na kitu ila mstari mwembamba ukingoni na jina la mwundaji. Wageni walipofika, ya kwanza ilitolewa kabatini ikapitishwa mikononi mwao. Mwenye nyumba alipokwenda kuwinda alfajiri, aliichukua ya pili.

"Mjukuu wangu," Omogaka aliniambia, "ile yenye ndege ilikuwa ya macho. Ukiifunga inapiga kelele kama sanduku. Ile nyingine ukiifunga husikii kitu, unajua tu kwamba imefunga."

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, nami niliyachukulia maneno hayo kuwa porojo za mtu aliyewakumbuka mabwana zake kupita kiasi. Ilinichukua miaka kadhaa, na usomaji fulani usiohusiana na fani yangu, kutambua kwamba mzee alikuwa amenipa somo zima la ujumi.

Naomba msomaji anivumilie nikieleza kidogo jinsi chombo hicho kinavyoundwa, maana hoja yangu imo humo. Katika bunduki bora ya mitutu miwili, mitutu haiendi sambamba kama macho ya kawaida yanavyodhani. Mafundi huiunganisha ikielekeana kidogo sana, kwa sababu kila mtutu unapolipuka huisukuma bunduki upande wake. Ikiwa mitutu ingelala sambamba kabisa, marisau ya kulia yangeelekea kulia na ya kushoto yangeelekea kushoto. Ufundi ni kuilazimisha mitutu miwili ipige mahali pamoja. Kisha kuna maungio. Mahali mitutu inapokutana na kiunzi, fundi hupaka masizi ya taa juu ya chuma kimoja, akafunga, akafungua, akatazama masizi yamehamia wapi. Palipopata alama ndipo palipoinuka; hupapitisha tupa kidogo, akapaka tena, akafunga tena. Hurudia hivyo hadi masizi yaenee sawasawa pande zote. Huo ndio ukimya aliousikia Omogaka. Kitako cha mti wa mjozi nacho huchaguliwa kwa namna nyuzi za mti zinavyopita mahali pembamba panaposhikwa na mkono, kwa kuwa hapo ndipo kinapoweza kuvunjika. Huchongwa kwa vipimo vya bega, shavu na jicho la mtu mmoja. Uzito hugawanywa hivi kwamba bunduki nzima hutulia kati ya mikono miwili na kuonekana nyepesi kuliko ilivyo.

Hakuna hata kimoja katika hayo kinachoonekana kabatini. Mchoraji wa nakshi huja mwishoni, kabla tu ya chuma kutiwa ugumu, na anaweza kuwa fundi mkubwa kabisa. Lakini nakshi hiyo hiyo huweza pia kugandamizwa kwa mashine juu ya chuma hafifu ambacho maungio yake hayakupata kuonja masizi, na mnunuzi asiyejua atalipa. Ndiyo maana London, tangu chama cha mafundi bunduki kilipopewa hati ya kifalme mwaka wa 1637, na Birmingham tangu 1813, mitutu hujaribiwa kwa baruti nyingi kuliko ya kawaida kabla ya kugongwa muhuri. Mjaribu haulizi kwale amechorwa vizuri kiasi gani. Anauliza kama mtutu utapasuka.

Falsafa ililijua suala hili zamani. Katika mjadala wa Plato uitwao Hippias Mkubwa, Sokrate anamsumbua mwenzake kwa swali linaloonekana la kipuuzi: kwa kuukoroga mchuzi mzito chunguni, mwiko upi ni mzuri, wa dhahabu au wa mti wa mtini? Hippias anaona aibu kujadili miko. Lakini Sokrate anashikilia: mwiko wa mti huutia mchuzi harufu nzuri, nao hauwezi kuvunja chungu, kumwaga mchuzi na kuzima moto. Kinachofaa ndicho kizuri, basi mwiko wa mti umeushinda wa dhahabu. Msomaji yeyote aliyekulia jikoni mwa Kigusii, palipopikwa ugali wa wimbi ambao huhitaji mkono wenye nguvu na mwiko usiopinda, hatamwona Sokrate kuwa mpuuzi hata kidogo. Nyongeza yangu ni kwamba mjadala wenyewe haukomei hapo. Sokrate anaendelea kuibomoa hata fasili hiyo ya kufaa, na mwishoni anaungama tu kwamba mambo mazuri ni magumu. Wengi wetu tunaounukuu mwiko huacha kusoma mapema.

Kant naye, katika kitabu chake cha 1790 juu ya uamuzi wa kijumi, aliruhusu mapambo pale yanapoongeza ladha kwa umbo lake lenyewe, lakini akasema kwamba fremu ya dhahabu inayowekwa tu ili picha isifiwe kwa mvuto wake ni kujirembesha, na huuharibu uzuri wa kweli. Aliyekwenda mbali zaidi ni msanifu majengo Adolf Loos, aliyehutubu Vienna mwaka wa 1910 akiyahusisha mapambo na uhalifu. Nakiri kwamba sijawahi kuusoma mhadhara huo bila uchungu. Loos anaijenga hoja yake juu ya mgongo wa Mpapua anayejichora chale. Kwake mapambo ni dalili ya watu ambao hawajastaarabika, na maendeleo ni kuyaondoa. Mtu wa Afrika Mashariki anayeipenda hoja ya "ufundi bila urembo" hana budi kujua imewahi kukaa katika nyumba gani. Si kila anayeyashambulia mapambo anatetea ukweli. Wengine hutetea tu kabati zao.

Kwa upande wa pili yuko Ananda Coomaraswamy, ambaye katika makala yake ya 1939 kuhusu neno "pambo" alionyesha kwamba katika Kisanskriti, Kigiriki na lugha nyinginezo maneno ya mapambo yalianza yakiwa na maana ya vifaa: kile kinachokikamilisha kitu ili kiweze kutenda kazi yake. Upanga ni pambo la askari kwa sababu bila huo si askari. Ni baadaye, anadai, ndipo pambo lilipogeuka kuwa kitu cha ziada.

Naona maelezo haya yanatufaa kuliko ya Loos, na hata bunduki ya Omogaka inayaunga mkono. Vile visanduku vidogo vilivyokatwa kwenye mti wa kitako, ambavyo mgeni huvidhani kuwa urembo, vipo ili mkono wenye jasho usiteleze. Zile rangi za buluu na kahawia zinazoonekana kama mawingu juu ya chuma cha bunduki njema hazikupakwa na mtu. Hutokea chuma kinapotiwa ugumu kwa kuchomwa pamoja na mkaa wa mifupa na kutumbukizwa majini. Ni alama ya kazi, si kifuniko chake. Pwani yetu ina mfano mkubwa zaidi: siwa ya pembe ya Pate, inayohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Lamu, imechongwa nakshi nyingi kuliko pengine chombo chochote cha Waswahili, lakini ni baragumu. Ilipulizwa katika sherehe za waungwana, na isingetoa sauti isingekuwa siwa. Nakshi yake haikuuficha ubovu wa sauti. Ilitangaza ni sauti ya nani.

Kwa hiyo nisingependa kueleweka kwamba ninaligawa jambo hili kati ya ufundi mwema na urembo mwovu. Mgawanyo ninaoutafuta unapita mahali pengine, nami nilikutana nao Tabaka.

Tabaka, katika Mugirango Kusini, ndiko linakochimbwa jiwe linalojulikana ulimwenguni kwa jina la jiwe la Kisii. Kwa sehemu kubwa ni ulanga, madini laini kuliko yote katika kipimo cha ugumu, na ndiyo sababu hukatwa kwa panga na kuchongwa kwa kisu. Huchimbwa kwa sururu, huloweshwa ili vumbi lipungue, hupewa umbo, kisha husuguliwa kwa msasa ndani ya maji, kazi ambayo mara nyingi hufanywa na wanawake, na mwisho hupakwa nta. Kutoka huko wametokea wachongaji wa hadhi ya Elkana Ong'esa, ambaye ndege wake wa jiwe amesimama katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Wametokea pia maelfu ya viboko, twiga na vyombo vya sabuni vinavyouzwa kando ya barabara na katika viwanja vya ndege.

Mjomba wangu alikuwa mmoja wa hao wa viboko. Kabla ya kuchonga alikuwa akiligonga jiwe kwa kifundo cha kidole na kulisikiliza. Lenye ufa hutoa sauti nzito, iliyokufa. Lakini kuna nyufa ambazo hazisikiki. Likizo moja nilimkuta amefika kwenye msasa wa kiboko mkubwa, kazi ya siku nyingi, ndipo ufa ulipojitokeza ubavuni. Hakusema kitu. Alichukua vumbi la jiwe lile lile, akalikoroga na gundi, akaujaza ufa. Jiwe la waridi lilipokataa kulificha lile kovu, akampaka kiboko mzima rangi nyeusi, na juu ya rangi akakwaruza majani, pundamilia na jua linalochwa. Mnunuzi alifika siku ya pili. Walikuwapo viboko wawili wa ukubwa mmoja: mmoja mzima, wa waridi, usio na mchoro, mwingine mweusi, mwenye nakshi. Alimchukua mweusi, na akamlipia zaidi.

Ufa uliongeza bei. Sentensi hiyo imenisumbua kwa zaidi ya miaka 20.

Nilimlaumu mjomba, kwa ujasiri wa mtu ambaye karo yake ililipwa kwa viboko. Akanitazama na kuniuliza, "Huyo mwalimu wako wa chuo, siku ambayo hakuelewa anachofundisha, hurudisha mshahara?" Sikuwa na jibu, na hadi leo nikiwa nimekaa upande wa pili wa meza ile sijalipata. Kwa hakika swali lake linaibainisha vizuri hali ya kiuchumi ambamo nakshi ya aina hii huzaliwa. Mchongaji hakutani na mtu atakayeishi na kiboko wake. Anakutana na mnunuzi wa jumla anayetaka kitu kitakachovuta jicho la mtalii kwa muda mfupi, dukani, baina ya ndege mbili. Hakuna atakayerudi Tabaka na vipande mkononi. Mwunda bunduki wa London alijua kwamba mtutu ukipasuka utampasukia mteja mwenye jina na wakili. Ni rahisi kuwa mwaminifu pale kosa lako linaporudi nyumbani kwako. Anayewahubiria wachongaji uaminifu bila kuligusa suala la bei na la umbali huo hajaanza kufikiri.

Hata hivyo tendo lenyewe linabaki na jina lake. Nakshi ya kiboko mweusi ilikuwa nzuri. Mjomba alikuwa na mkono mzuri wa kukwaruza, na pundamilia wale walikuwa na mwendo. Ubaya haukuwa katika michoro. Ulikuwa katika swali ambalo michoro iliwekwa ili lisiulizwe. Hapa ndipo ninapoona mpaka tunaoutafuta: kuna urembo unaokualika ukitazame kitu kwa makini zaidi, na kuna urembo unaokuomba usitazame. Wote wawili waweza kufanywa na mkono ule ule, kwa ustadi ule ule, na jicho peke yake haliwezi kuutambua upi ni upi. Lazima mtu agonge.

Tuingie sasa katika fasihi. Mshororo wa shairi la kimapokeo nao una mitutu miwili. Ukwapi una mizani nane na utao mizani nane, navyo vimelala ubavu kwa ubavu, kila kimoja na kina chake. Kosa la kawaida kabisa la mtunzi mchanga ni kuviacha viende sambamba: utao unasema tena kile kilichosemwa na ukwapi, kwa neno la kigeni zaidi, ili tu mizani itimie. Mashairi kama hayo yanaweza kupita mtihani wote uliowekwa na Sheikh Kaluta Amri Abedi katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi cha 1954, yasiwe guni hata kwa silabi moja, na yasipige mahali popote. Kinyume chake ni Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyochapishwa mwaka wa 1973. Mashairi yale yaliandikwa gerezani kati ya 1969 na 1972, mengi juu ya karatasi za msalani. Mtu aliyenyimwa karatasi hana nafasi ya mapambo, na bado alishika vina na mizani kwa ukamilifu. Kwake vina vilikuwa kile Coomaraswamy alichokiita vifaa. Ndivyo vilivyolibeba shairi.

Mgogoro wa wanamapokeo na wanamageuzi, ambao ulichukua kurasa nyingi mno katika majarida yetu baada ya Kichomi ya Kezilahabi kutoka mwaka wa 1974, ungeweza kufupishwa kama pande zote mbili zingegonga jiwe kwanza. Wanamapokeo waliona shairi lisilo na vina wakadai halina ufundi. Baadhi ya wanamageuzi waliona vina wakadai ni urembo mtupu. Wote walikuwa wakitazama uso wa chuma.

Mfano mgumu zaidi kwa hoja yangu ni Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa mapema katika karne ya 19. Ni utenzi unaoikemea nafsi kwa kupenda fahari ya dunia. Unatuonyesha majumba ya Pate yaliyokuwa na taa, vidaka na vyombo vya thamani, ambayo sasa ni makao ya popo na wadudu. Ni kusema, unashambulia nakshi. Na ni utenzi wenye nakshi nyingi kuliko tenzi karibu zote tulizo nazo. Je, mshairi alijipinga? Nimewahi kufundisha kwamba ndiyo. Siku hizi nadhani nilikosea. Uzuri wa beti zile hutufanya tuyapende majumba kwa muda, ndipo tuyapoteze. Bila kuyapenda tusingekuwa na cha kujutia. Ukiuondoa urembo pale, mahubiri yenyewe huanguka.

Linganisha na kile tulichowafundisha watoto wa Kenya kwa jina la insha. Kwa zaidi ya miongo mitatu, hadi mtihani wa KCPE ulipofanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023, mtoto wa darasa la nane alijifunza kukariri mianzo ya kuvutia, jua lichomozalo kwa madaha, tashbihi za swara na umeme, akazibandika juu ya kisa chochote. Nimesoma insha juu ya kifo cha baba mzazi ambamo maiti ilifika nyumbani huku ndege wakitumbuiza. Mtoto yule hakuwa mwongo. Alikuwa amejulishwa kwamba alama zinatolewa kwa rangi nyeusi na pundamilia, naye akapaka. Wanapofika vyuo vikuu tunashangaa kwamba hawawezi kusema jambo moja wanaloliona.

Kabla sijaliacha suala la bunduki, kuna pingamizi ambalo siwezi kulipita, hasa nikiandika kutoka Gusii. Januari 1908 Otenyo alimchoma mkuki Northcote, mkuu wa wilaya, baada ya Moraa wa Ngiti kuwahimiza vijana kuupinga utawala wa Waingereza. Kilichofuata ni msafara wa adhabu: watu waliuawa kwa risasi, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakatwaliwa, na Otenyo mwenyewe akauawa. Tayari mwaka wa 1905 Abagusii walikuwa wameonja silaha zile zile. Silaha za kijeshi hazikuchorwa kwale. Zilikuwa tupu, zimefaa kazi yake barabara, na Sokrate angelazimika kuziita nzuri. Ikiwa uzuri ni kufaa, basi hakuna kilichokuwa kizuri katika milima yetu mwaka ule kuliko chombo kilichotuua. Wala Loos asingekuwa na la kulalamikia.

Nimelizungusha pingamizi hili kwa muda mrefu. Sidhani kwamba linaivunja hoja, lakini linaipunguzia kiburi. Ufundi hauwezi kujihukumu wenyewe. Masizi humwambia fundi kama chuma kimekutana na chuma, hayamwambii bunduki itaelekezwa wapi. Na linanifanya niitazame upya ile bunduki ya wageni. Huenda kwale wale waliochorwa, pamoja na ubovu wote wa maungio, ndiyo sehemu pekee ya chombo kile ambayo mtu aliifanya bila kufikiria kuua. Omogaka, nilipomweleza wazo hili kabla hajafariki, alicheka sana. Alisema kwale waliochorwa ndio waliomfundisha yule Mzungu kuwatamani wale wa kweli.

Limebaki la kwangu. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kuwa mmoja wa majaji wa shindano la ushairi la wanafunzi. Yalifika mashairi mawili mwishoni. La kwanza lilijaa msamiati wa Kiamu cha kale, vina vyake vikilia kama kengele. La pili lilikuwa la mwanafunzi wa kike aliyeandika kwa Kiswahili cha kila siku juu ya ng'ombe aliyeuzwa ili karo ipatikane. Jioni ng'ombe alivunja kamba kwa mnunuzi akarudi nyumbani peke yake, akasimama langoni, na baba ikambidi amrudishe gizani. Katika ubeti wa nne mshororo mmoja ulipungukiwa na mzani. Niliandika neno "guni" pembeni, na zawadi ikaenda kwa lile la kwanza. Niliandika pia, ninakumbuka vizuri, kwamba lina "nakshi ya kiwango cha juu".

Mwaka uliofuata nililitumia shairi lile la ushindi darasani, na mwanafunzi mmoja kutoka Lamu akanyoosha mkono. Maneno matatu ya kale yalikuwa yametumiwa visivyo. Moja lilikuwa na maana iliyo karibu kinyume cha ile iliyohitajika. Mtunzi alikuwa ameyaokota katika kamusi kwa ajili ya vina. Nami, msomi mwenye shahada ya uzamivu katika ushairi wa Kiswahili, nilikuwa nimeona maneno nisiyoyajua na nikaona haya kuyauliza. Sikugonga. Niliununua ufa kwa bei ya juu, kama yule mnunuzi wa Tabaka, tena bila kisingizio chake cha haraka.

Sidai kwamba yule binti aliupunguza mzani ule kwa makusudi, ili mshororo usimame pale ng'ombe aliposimama. Hiyo ingekuwa nakshi yangu mimi juu ya kazi yake. Nadhani alihesabu vibaya tu, na mhariri mwema angemrekebishia kwa dakika moja. Ninachodai ni kwamba shairi lake lilipiga mahali pamoja kwa mitutu yote miwili, na kwamba nilikuwa na masizi mkononi nisiyatumie.

Nilikutana naye Nyakoe Desemba iliyopita, ndani ya matatu iliyokuwa ikingoja kujaa. Sasa anafundisha Kemia katika shule moja ya upili kaunti ya Nyamira, na haandiki mashairi. "Shikamoo, Mwalimu," alisema, na sikuweza kujua kutoka usoni mwake kama alikumbuka nililoandika pembeni. Nilimwomba lile shairi la ng'ombe. Hakuwa na nakala. Daftari lilipotelea bwenini. Beti nne alizikumbuka, akanisomea kwa sauti ndogo huku utingo akiita abiria wa Oyugis. Pale palipopungua mzani alipita bila kusita, nami sikuhesabu.